Dokta Anajibu: Oparesheni ya kupunguza uzito inaokoa moyo au ni mambo ya shepu tu?

Kamwene wasomaji wa Iringa na Njombe, na wa Rungwe na Kyela ugonile. Mwezi huu maswali ya vidonda vya tumbo na kikohozi cha baridi nimeyaweka pembeni, maana meseji nyingi zilizoingia ni za oparesheni ya kupunguza uzito na wengi wanaouliza ni watu wenye presha, sukari na kitambi kwa pamoja. Nimechagua chache, zinazofanana nimeziunganisha.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 46, nakaa Uyole nauza viazi kwa jumla. Nina kilo 112 na urefu mita 1.60. Presha natumia dawa tangu nilipojifungua wa mwisho, sukari ikafuata niko kwenye metformini, sasa juzi wamepima mafuta kwenye damu nayo yamepanda na ultrasaundi inaonyesha ini lina mafuta. Daktari wa kliniki kaniambia nifikirie oparesheni ya kupunguza tumbo, kaka yangu wa Dar kasema atasaidia hela. Shida ni nyumbani. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya wasanii wanaotaka shepu, mama mkwe ndo kabisa anasema nikikonda ghafla watu watasema nimeupata ule ugonjwa. Baba yangu alikufa kwa moyo ana miaka 55, ndo maana naogopa. Je ni kweli inasaidia moyo au inapunguza mwili tu? (Mama wa viazi, Uyole)

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa baba. Swali lako limenigusa kwa sababu umeuliza moyo kwanza, hukuuliza utakonda kilo ngapi, na hapo ndipo pa kuanzia.

Hayo uliyonayo ukiyatazama moja moja yanaonekana magonjwa manne tofauti, kila moja na kidonge chake, lakini ni kitu kimoja kinachoitwa sindromu ya metaboliki. Mwaka 1988 daktari mmoja wa Marekani, Gerald Reaven wa chuo kikuu cha Stanford, alisimama kwenye mhadhara akaeleza kwamba presha, sukari na mafuta mabaya yanapenda kumkalia mtu mmoja kwa sababu mzizi wake ni mmoja, mwili kukataa kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Siku hizi tunahesabu vitu vitano, ukiwa navyo vitatu tu tayari unayo: kiuno kipana, presha kuanzia 130 kwa 85 au uko kwenye dawa, sukari ya asubuhi hujala kuanzia 5.6, trigliseridi (aina ya mafuta kwenye damu) kuanzia 1.7, na kolesteroli nzuri iliyo chini, yaani chini ya 1.03 kwa mwanaume na 1.29 kwa mwanamke. Wewe mama una presha, una sukari, mafuta yamepanda, na kiuno sijakipima ila kwa kilo hizo sina wasiwasi nacho, kimepita.

Kwa nini vinakuja pamoja? Wewe ni mtu wa mazao utanielewa. Mafuta ya mwili yana ghala lake halali, chini ya ngozi, mapajani, makalioni. Ghala likijaa na mavuno bado yanaingia, magunia yanaanza kulundikwa sebuleni, jikoni, mpaka chumbani kwa watoto, ndivyo mafuta yanavyoingia kwenye ini, kwenye kongosho, kwenye misuli, hata kuzunguka moyo wenyewe. Ini likishajaa mafuta linamwaga sukari na trigliseridi kwenye damu usiku na mchana, kongosho inatoa insulini nyingi kushindana nalo, figo nazo zinashika chumvi presha inapanda, na mishipa ya moyo inaanza kuchubuka ndani kwa ndani bila maumivu yoyote. Ndo maana baba zetu wengi wanaanguka ghafla, watu wanasema alikuwa mzima tu jana tulikuwa naye.

Sasa oparesheni. Zinazofanywa sana duniani ni mbili. Ya kwanza wanakata na kutoa kama robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo, linabaki tumbo jembamba kama mrija. Ya pili, baipasi, wanatengeneza kifuko kidogo juu cha kama mililita 30 halafu wanakiunganisha na utumbo wa mbele, chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Watu wanadhani kazi yake ni kukuzuia kula tu, hapana, tumbo na utumbo vinatoa homoni, na baada ya oparesheni homoni za njaa na shibe zinabadilika, chakula kikifika haraka kwenye utumbo wa chini inatoka homoni ya GLP-1 kwa wingi ambayo inaamsha insulini na kutuliza njaa. Kwa waliofanya baipasi tunaona sukari ikishuka ndani ya siku chache, mtu hata kilo hajapungua za maana. Hii mama ndo hoja ya kumpa mzee nyumbani, kwamba hii oparesheni inagusa ugonjwa wenyewe, shepu inakuja nyuma.

Na moyo je? Ushahidi mrefu kuliko wote unatoka Sweden. Walianza 1987, wakafuatilia watu 4,047 wenye unene mkubwa, 2,010 wakafanyiwa oparesheni na 2,037 wakaendelea na matibabu ya kawaida. Matokeo waliyotoa 2012, baada ya kuwafuatilia karibu miaka 15, vifo vya moyo na kiharusi vilikuwa 28 kwa waliofanyiwa na 49 kwa wasiofanyiwa. Na kuna jambo moja kwenye utafiti ule ambalo mimi nalitaja kila nikipata nafasi, waliofaidika zaidi kwenye moyo hawakuwa wale wazito zaidi! Uzito wa kuanzia haukutabiri nani atafaidika, kilichotabiri ni insulini kuwa juu kwenye damu, yaani huo huo mwili unaokataa insulini tuliousema. Kwa hiyo mtu anayeamua kwa kuangalia mzani peke yake anaangalia kitu cha pili akaacha cha kwanza, na wewe mwenye presha, sukari, mafuta na ini ndiye hasa mwenye cha kupata.

Mwingine ni wa Cleveland, Marekani, wa 2019, watu wenye unene pamoja na kisukari. Waliwalinganisha 2,287 waliofanyiwa na wengine 11,435 wanaofanana nao. Baada ya miaka 8, waliopatwa na kifo au tatizo kubwa la moyo, kiharusi, moyo kushindwa kusukuma damu, mapigo kwenda ovyo au figo kuharibika walikuwa kama 31 kati ya 100 upande wa oparesheni, upande mwingine kama 48. Presha nayo, Brazil walichukua watu 100 wenye presha na unene wakawagawa kwa bahati nasibu, baada ya mwaka mmoja zaidi ya 8 kati ya 10 waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepunguza angalau asilimia 30 ya dawa zao na presha imetulia, upande wa dawa tupu ni kama mmoja kati ya 8.

Lakini sitakuficha. Zile tafiti mbili za kwanza watu hawakugawanywa kwa bahati nasibu, walichagua wenyewe au na madaktari wao, kwa hiyo huenda waliochagua oparesheni walikuwa wanajitunza zaidi. Mimi nauamini mwelekeo wake kwa sababu tafiti nyingi zinaangukia upande ule ule. Pia faida haikai palepale milele. Kule Sweden kati ya waliokuwa na kisukari 72 katika kila 100 walikuwa wamepona sukari baada ya miaka miwili, ukienda mwaka wa kumi wamebaki 36. Presha ndo inarudi zaidi. Na 2020 walipopiga hesabu ya umri, waliofanyiwa waliishi kama miaka 3 zaidi ya wenzao wasiofanyiwa, ila bado walikuwa chini ya watu wa kawaida wa nchi ile kwa miaka 5 na nusu. Maana yake hatari inapungua, haiishi. Kliniki ya moyo utaendelea nayo.

Hatari za oparesheni yenyewe zipo, kuvuja pale waliposhona, kutoka damu, damu kuganda miguuni na kupanda kwenye mapafu. Sweden ile ya zamani wakiwa bado wanapasua tumbo wazi walifariki 5 kati ya 2,010 ndani ya siku 90. Siku hizi wanaingia kwa matundu madogo, kwenye hospitali yenye uzoefu hatari hiyo iko chini zaidi, karibu na ya kutoa kifuko cha nyongo. Kwa hiyo uliza bila aibu, dokta umeshafanya ngapi, mgonjwa akivuja usiku nani anampokea. Daktari mzuri hatakasirika.

Uzito wako kwa urefu, ile BMI, inakuja karibu 44. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unasema kuanzia 35 mtu anastahili kupewa nafasi hiyo hata kama hana ugonjwa mwingine, na 30 mpaka 35 kama ana magonjwa haya ya metaboliki. Uko ndani kabisa. Kabla ya safari fanya vipimo hapa hapa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya: eko (ultrasaundi ya moyo), ECG (kipimo cha umeme wa moyo), figo, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi kama mitatu), damu, na useme kama unakoroma na kukata pumzi usiku, mwambie mzee akusikilize ukilala, hilo nalo ni kazi yake. Dar ulizia Muhimbili Mloganzila, na kama eko itaonyesha jambo basi taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete wakuone kwanza.

Halafu hili la safari watu hawalisemi. Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, umekaa kwenye siti siku nzima, na damu kuganda ndo moja ya hatari kubwa za wiki za mwanzo. Usitoke wodini ukapanda basi kesho yake! Kaa kwa kaka yako mpaka daktari akuruhusu kusafiri, uliza kama unahitaji sindano za kuzuia damu kuganda, na siku ya kurudi kila basi linaposimama, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Mafinga, shuka utembee, vaa soksi za kubana, kunywa maji kidogo kidogo njia nzima.

Kuhusu mama mkwe, maneno ya watu yatakuwepo, utapungua labda robo ya uzito wako ndani ya mwaka na hao hao wateja wa viazi watakuangalia kwa jicho lile. Ningekuwa wewe ningemwambia yeye mapema na kwa heshima, mama naenda kutibiwa presha na sukari, ningeomba uniangalizie watoto. Mtu aliyeshirikishwa anakuwa wa kwanza kukutetea. Na mzee wako aje naye kliniki, hasira nyingi za waume kwenye jambo hili ni woga, anaogopa kukupoteza mezani pa oparesheni ila hasemi.

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni mwalimu hapa Mafinga, mwanaume miaka 52, kilo 84, urefu 1.70. Mikono na miguu vyembamba ila kitambi kipo, watu wananiita bosi. Presha 138 kwa 88, sukari asubuhi 6.0. Je na mimi nastahili hiyo oparesheni kabla mambo hayajaharibika? (Mwalimu)

JIBU: Hapana mwalimu, bado sana. BMI yako ni 29, lakini nimefurahi umeuliza maana wewe ndo aina ya mtu anayepita kliniki bila kuonekana, mzani haumshtui mtu yeyote. Presha tayari, sukari tayari, nina uhakika kiuno kitakuwa cha tatu.

Pima hivi. Chukua tepu ya fundi cherehani, ile ya kitambaa, vua shati, usipime kwenye mkanda wa suruali maana wanaume wenye kitambi mkanda wameushusha chini ya tumbo na wanajidanganya bado wanavaa saizi 34. Tafuta ubavu wa mwisho, tafuta mfupa wa nyonga, katikati yake pitisha tepu iwe sawa mbele na nyuma, pumua nje kawaida, soma. Usivute tumbo ndani! Kliniki wanaume wote wanavuta. Shirikisho la kimataifa la kisukari linapendekeza kwa sisi Waafrika mwisho uwe 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, wengine wanatumia 102 na 88. Ukipita 94 mimi nakuhesabu umo.

Wewe nafasi yako iko kwenye kula na kutembea, na hapa nisingependa nikupe maneno matamu. Marekani walifanya utafiti mkubwa wa watu 5,145 wenye kisukari na uzito mkubwa, nusu wakasimamiwa sana chakula na mazoezi, wakausimamisha 2012 baada ya karibu miaka 10 kwa sababu matukio ya moyo hayakupishana na wenzao. Walipungua kama asilimia 6 tu ya uzito. Walipochambua baadaye, wale waliofikisha asilimia 10 mwaka wa kwanza ndo walionekana kupata nafuu ya moyo. Kwako asilimia 10 ni kilo 8 na kidogo, hiyo inafikika bila kisu. Ugali nusu ya unaoujua, maharage na mboga zijaze sahani, chai ya stafu bila sukari (najua baridi ya Mafinga, kunywa ya moto na tangawizi inatosha), bia na ulanzi wa wikiendi ndo pa kukata kwanza maana pombe inapeleka trigliseridi juu moja kwa moja. Tembea kwenda shule na kurudi, kwa kasi ambayo ukiongea unahema. Presha irudiwe kila mwezi, na kolesteroli upime, kwa umri wako na sukari hiyo inawezekana ukahitaji dawa ya kolesteroli hata ukikonda.

Na waambie waache kukuita bosi kwa sababu ya tumbo.

SWALI: Dokta naomba msaada haraka. Mama yangu alifanyiwa oparesheni ya kupunguza tumbo miezi mitatu iliyopita, tuko Njombe. Amepungua sana na tulifurahi. Lakini wiki ya pili sasa anatapika karibu kila akila, ana kizunguzungu akisimama, anasema miguu haina nguvu na jana alikuwa anaona vitu viwili viwili. Dawa za presha anaendelea zote kama zamani ikiwemo ya kukojoa. Jirani anasema ni kawaida ya hiyo oparesheni. (Binti, Njombe)

JIBU: Binti yangu hili nimekutumia jibu siku ile ile nilipolisoma, naliweka hapa kwa ajili ya wengine. SI kawaida. Mpeleke hospitali leo, msisubiri kesho.

Mambo mawili yanaweza kuwa yanaenda pamoja. La kwanza, aliyefanyiwa oparesheni presha yake inashuka, akiendelea na dozi ile ile ya zamani tena na dawa ya kukojoa huku anatapika, maji na chumvi vinaisha mwilini, presha inaanguka, figo zinaumia. Dawa zinapunguzwa na daktari kwa kupima, tangu wiki za mwanzo, mgonjwa asiziache mwenyewe na asizing'ang'anie mwenyewe. Waliokuwa kwenye insulini au vidonge vya sukari kama glibenklamidi ndo hatari zaidi, sukari inaweza kushuka akapoteza fahamu.

La pili ndo lililonitisha, kutapika kwa wiki mbili, miguu kulegea, kuona viwili viwili. Hiyo ni dalili ya kuishiwa vitamini B1. Mwili hauna akiba yake kubwa, mtu akitapika wiki kadhaa inaisha, na ubongo unaanza kuumia, ukichelewa haurudi. Ukifika mapokezi sema kwa sauti: mama alifanyiwa oparesheni ya tumbo ya kupunguza uzito, anatapika wiki mbili, anaona viwili, tunaomba B1 ya sindano KABLA ya dripu ya sukari. Dripu ya sukari ikitangulia bila B1 inaweza kummalizia ile kidogo iliyobaki. Kwenye vituo vyetu mtu akija amelegea anatundikiwa dripu hiyo kwa nia njema kabisa, kwa hiyo kusema hivyo si kumfundisha daktari kazi. Baada ya hapo wachunguze kwa nini anatapika, inawezekana tumbo limebana mahali.

Na kwa wote waliofanyiwa: vidonge vya vitamini ni vya maisha, si vya mwezi mmoja. Madini ya chuma, B12, kalsiamu na vitamini D, na damu ipimwe angalau kila mwaka. Protini kama gramu 60 kwa siku, yai, mtindi, maharage yaliyoiva sana, dagaa wa Nyasa waliosagwa kwenye uji, hayo yaliwe kwanza kabla ya ugali maana nafasi tumboni ni ndogo. Diklofenaki za kununua dukani acheni, hasa aliyefanyiwa baipasi, zinatoboa pale paliposhonwa, sigara vile vile. Na pombe inapanda kichwani haraka kuliko zamani, kikombe kimoja cha ulanzi kinakuwa si kile mlichozoea.

SWALI: Dokta, hapa Mwanjelwa kuna dada anauza sindano za kupunguza uzito, anasema zinafanya kazi sawa na oparesheni na zinalinda moyo. Ni kweli? (Muuza nguo, Mbeya)

JIBU: Dawa yenyewe ni ya kweli, dada wa Mwanjelwa ndo sina imani naye. Semaglutidi, inayojulikana kwa majina ya Ozempic na Wegovy, inaiga ile ile homoni ya GLP-1 niliyomweleza mama wa viazi. Utafiti wa 2023 wa watu 17,604 ambao tayari wana ugonjwa wa moyo au mishipa na uzito mkubwa, bila kisukari, ulionyesha mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vikipungua kwa asilimia 20. Hilo ni jambo kubwa na mimi nimelifurahia.

Ila kupungua uzito kwa wastani bado oparesheni inazidi, na sindano ukiacha uzito unarudi, kwa hiyo piga hesabu ya hela ya miaka, si ya mwezi mmoja. Halafu ni dawa inayotunzwa kwenye baridi la friji, ukiikuta imekaa kwenye pochi au kwenye meza sokoni huwezi kujua ina nini, na za bandia zimekamatwa nchi nyingi, watu wengine walichomwa insulini bila kujua. Nunua famasi kwa cheti cha daktari tu. Kama mtu ana mawe ya nyongo, amewahi kuumwa kongosho au ana mimba, aseme kwanza.

SWALI: Naolewa Desemba hapa Iringa, nina kilo 71, urefu 1.65, sina ugonjwa wowote. Nataka puto la tumboni nipendeze kwenye gauni. (Bi harusi, Kihesa)

JIBU: Hongera sana mwanangu. Uzito wako kwa urefu ni 26, puto (mfuko unaojazwa maji au hewa ndani ya tumbo ili ushibe haraka) halikuhusu wala oparesheni haikuhusu, daktari atakayekubali kukuwekea kwa sababu ya gauni mkimbie. Puto lina kutapika kwake, linaweza kupasuka likaziba utumbo, na hukaa miezi kadhaa tu kisha linatolewa. Mwambie fundi akuachie nafasi kiunoni.

SWALI: Mke wangu ana miaka 33, alifanyiwa baipasi mwaka huu kwa sababu ya presha na sukari. Kabla ya hapo tulihangaika mtoto muda mrefu bila mafanikio. Sasa siku zake zimekaa sawa na yeye anataka tujaribu hata leo. Kuna shida? Bado anakunywa enalaprili ya presha na dawa ya kolesteroli. (Dereva, Makambako)

JIBU: Ndugu yangu shida ipo, ni ya muda tu. Uzito ukishuka mayai yanaanza kutoka tena, wengi waliokaa miaka bila mimba wanashika ghafla, ndo maana nasema mjikinge na mimba kuanzia sasa. Subirini miezi 12 mpaka 18 tangu oparesheni, kipindi hiki mwili unashuka kwa kasi na mtoto anaweza kukosa chakula tumboni. Vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi haviaminiki maana havinyonywi vizuri, kijiti au kitanzi ni bora. Muda ukifika aanze folik asidi mapema, apimwe chuma na B12, na sukari asipimwe kwa kile kinywaji cha glukosi kwa sababu waliofanyiwa baipasi kinaweza kuwaletea kutetemeka, jasho na kuanguka, waseme wapimwe kwa kutoboa kidole nyumbani wiki nzima.

Enalaprili na zote za kundi lake, kaptoprili, lisinoprili, pamoja na losartani, zinaumiza figo za mtoto aliye tumboni, na dawa ya kolesteroli nayo kwa kawaida husimamishwa. Asiziache leo, bado zinamlinda moyo. Aende kliniki abadilishiwe, kuna methildopa na nifedipini zinazofaa kwa mjamzito, presha itulie kwenye dawa mpya kwanza, ndipo kijiti kitolewe.